Shada la Noeli na matanga ya mzee aliye hai

Taifa lijulishwe, na walio mbali wapelekewe habari: mji wa Gitega, makao makuu ya kisiasa ya Burundi, sasa una kiwanda cha mapambo ya Noeli. Kiwanda hicho kiko mtaa wa Nyamugari. Kina mkeka mmoja, kisu kimoja cha mboga ambacho mpini wake umefungwa kwa mpira, na mfanyakazi mmoja ambaye pia ndiye mkurugenzi, mhasibu na mlinzi.

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Mkurugenzi ameketi barazani, amekunja miguu, na tayari amekasirika.

Jina lake ni Anisia, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye vidole vilivyochubuka kwa waya. Mapajani ameweka shada la mviringo la majani mabichi, analizungushia utepe mwekundu. Pikipiki ya abiria inapita, inapunguza mwendo, inasimama.

"Yoo, mama! Pole sana. Ni nani amekufa?" anauliza dereva.

"Hakuna aliyekufa. Hili ni shada la Noeli."

Dereva anavua kofia yake ngumu, anaipakata kifuani. "Noeli gani? Yule fundi cherehani?"

"Noeli sikukuu!" Anisia anapaza sauti. "Yesu kuzaliwa! Shada la kutundika mlangoni, watu wapite wafurahi!"

Dereva anatazama shada, anatazama mlango, anamtazama Anisia kwa huruma. "Bon," anasema taratibu. "Mungu awape nguvu." Anaondoka bila kupiga honi.

"Umeona?" Anisia anamuuliza mwandishi wa makala haya, aliyeketi pembeni yake. "Umeona mwenyewe? Na huyo ni wa kwanza. Jua halijatoka vizuri."

Haki itendeke: kosa si la dereva peke yake. Kwa miaka kumi na moja sasa, Anisia amekuwa fundi wa mashada ya mazishi. Msiba ukitokea Nyamugari, mtu wa kwanza kutumwa anakwenda kwa fundi wa jeneza, wa pili anakuja kwa Anisia. Akionekana anakata mitaa mbiombio na kitu cha duara kichwani, watu wanaanza kuulizana ni nyumba gani.

Alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, akarudi na baba yake hadi kilima chao cha Mwakiro, upande wa Muyinga. Shamba lilikuwa dogo na ndugu walikuwa wengi. Akashuka Gitega kutafuta kazi, akaipata kwa seremala wa majeneza aliyehitaji mtu wa kupamba.

"Kazi hii imenilisha mimi na wanangu, siwezi kuilaani," anasema. "Lakini fikiria. Tangu nianze, hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kwangu akicheka. Wanakuja macho mekundu. Ukitaja bei wanalipa, hawabishi. Unajua inavyochosha kumuuzia mtu ambaye habishi bei?"

Wazo la Noeli lilimjia kwa aibu. Alikuwa akipeleka shada la msiba, akapita kwenye nyumba iliyopangwa na mama mmoja mgeni, anayefanya kazi za miradi ya maji. Mlangoni kulikuwa na shada la kijani lenye utepe mwekundu.

"Nikasema masikini, mgeni wa watu, kafiwa ugenini. Nikatua mzigo, nikavua kandambili, nikabisha hodi. Alipofungua nikamshika mikono yote miwili nikampa pole. Alipoelewa, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia kwao ni pambo la Noeli. Nikatoka pale na biskuti mkononi, nikijiambia: kumbe kuna mashada ya kucheka!"

Shada la plastiki la kutoka nje linauzwa madukani hadi faranga elfu sitini. La Anisia ni elfu nane, kwa sababu karibu kila kitu anakiokota. Mume wa mwenye nyumba wake, Houssein, ni fundi wa baiskeli. Matairi yaliyokufa humpa Anisia. Ndani ya ukingo wa tairi mna waya mgumu wa mviringo. Anisia huuchomoa, huukunja mara mbili uwe duara dogo lenye nguvu, kisha huuviringishia maganda makavu ya mgomba mpaka unenepe kama mkono wa mtoto. Juu yake huchomeka vitawi vya mivinje, kimoja kikilalia kingine, vyote vikielekea upande mmoja.

"Ukivielekeza huku na huku, shada linakuwa kama kuku aliyenyeshewa," anaeleza.

Ufundi, basi, si tatizo. Tatizo ni mlango mmoja.

Anisia anataka Noeli hii shada lake litundikwe kwenye mlango wa baba yake, Mzee Longino, kule Mwakiro, na baba yake alipokee kwa furaha. Tangu Desemba iliyopita, baba huyo amempiga marufuku kuingia uwanjani kwake na kitu chochote cha duara. Safari moja Anisia alipeleka chapati, ikabidi azikunje pembe nne.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Wiki moja kabla ya Noeli iliyopita, Anisia alifika Mwakiro jioni na shada kubwa kwenye kiroba. Mzee Longino, ambaye ni mjane, alikuwa na homa, na kilima kizima kilijua. Alfajiri, mzee akiwa bado amelala, Anisia alipigilia msumari kwenye mlango wa mbele, akatundika shada ili baba yake akiamka aone maajabu, akachukua dumu akaenda kisimani.

Wa kwanza kupita alikuwa mama aliyekuwa anakwenda kupalilia. Aliona shada. Alijua homa ya mzee. Alijua kazi ya binti yake. Akaweka jembe chini, akapiga yowe.

Anayeijua Mwakiro hahitaji kuambiwa yaliyofuata. Huko mtu akifa hakuna anayelima mpaka azikwe. Majembe yakalala kilima kizima. Watu wakaja na kuni, na maharage, na mitungi ya pombe ya ndizi, wakaketi uwanjani kimya, wanawake wakilia polepole. Hakuna aliyegonga mlango. Walimsubiri binti wa marehemu atoke mwenyewe.

Binti wa marehemu alikuwa anapanda kutoka kisimani na dumu kichwani. Akaona umati. Akasikia vilio.

"Sikukumbuka shada hata kidogo!" anasema Anisia, akijipiga paji la uso. "Nilijua baba amefariki nikiwa kisimani. Nikatupa dumu nikajigaragaza. Nililia kuliko wote!"

Kilio hicho kikaondoa shaka yoyote iliyokuwa imebaki. Sasa yakaanza maneno ya kumsifu marehemu, na aliyesimama alikuwa Mzee Simoni, jirani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akigombana na Longino kuhusu mpaka wa shamba, pale penye mstari wa mikaratusi. Simoni alivua kofia.

"Longino alikuwa mtu wa kweli," alisema mbele ya kilima kizima. "Hata ile mikaratusi ni yake. Mimi ndiye niliyesogeza mpaka."

Mlango ukafunguliwa. Marehemu alikuwa amevaa fulana na ameshika mswaki.

"Rudia hapo kwenye mikaratusi," alisema.

Watu walikimbia hata wengine wakaacha viatu. Simoni hakukimbia. Lakini kesho yake alitangaza kwamba maneno yake hayana thamani. "Nilisema juu ya marehemu," alisema. "Marehemu akirudi, ayatafute huko alikotoka."

Huko mashambani nako kulikuwa na kizungumkuti. Jembe haliwezi kushikwa mpaka aliyeliliwa azikwe, na aliyeliliwa hakuwa na mpango wa kuzikwa. Wazee walibishana siku kadhaa, magugu yakiendelea na kazi yao, mpaka akina mama walipochoka wakaenda kupalilia bila ruhusa ya mtu.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kwa Mzee Longino. Yeye ndiye msemaji wa posa mashuhuri kilimani. Hakuna aliyejua kumwomba binti wa watu kwa maneno matamu kama yake. Sasa hakuna aliyemwita. Familia zilisema waziwazi: utampelekaje mtu aliyekwisha kuliliwa akaombe mchumba? Watoto walimwita Marehemu. Na yeye, kwa hasira, akashika jina hilo kwa mikono miwili. Anisia akipiga simu, jirani aliyepokea alirudisha jibu: "Anasema marehemu hapokei simu."

"Unaweza kuishi na mtu wa namna hiyo?" Anisia anauliza, akikaza waya kwa meno. "Nilitaka afurahi! Shada moja tu! Sasa nina baba aliyekufa kwa ukaidi, nina mpaka wa shamba, nina kesi ya mikaratusi. Mimi nilitaka Noeli!"

Mwenye nyumba, Mama Pili, anatoka na birika la chai na kumiminia wote. Ni Mwislamu, sikukuu hii haimhusu, na pengine ndiyo sababu anaiona vizuri.

"Anisia, mi sifanyake Noeli, mais mi niko na macho," anasema. "We unaweka utepe, unaweka majani ya makaburini, kisha unakasirika watu wakilia. Donc, badilisha vitu. Weka mahindi. Weka pilipili. Ni nani ataona pilipili kwa mlango akafikiri kaburi?"

"Shada la pilipili, Mama Pili?"

"Kwani pilipili iko na zambi gani? Iko nyekundu, iko nzuri, haikauke vibaya. Na kisha Noeli ikiisha unapika."

Anisia anachomoa utepe, anautupa kwenye ndoo, na kuingia jikoni. Anatoka na pilipili zilizoanikwa, magunzi ya mahindi yenye maganda yake, na maganda ya maharage yaliyokauka. Anapasua maganda ya mahindi kwa ukucha, anayakunja yawe kama maua meupe, anayafunga kwa nyuzi za mgomba. Pilipili anazipanga vishada vishada. Kufikia saa tatu, shada halifanani na lolote lililowahi kupelekwa makaburini. Linafanana na chakula kilichojipamba.

Mwanamke anayepita na beseni la ndizi anasimama. Anisia anajiandaa kwa pole.

"Hiyo ni ya kula ama ya kutazama?" anauliza mwanamke.

"Umesikia?" Anisia anamgeukia Mama Pili. "Hajauliza nani amekufa!"

Jumamosi inayofuata, Anisia anasafiri. Kutoka Gitega hadi Muyinga anabanwa kati ya gunia la mchele na mtu anayelala begani kwake. Kutoka Muyinga hadi Mwakiro anapanda pikipiki kwenye matope. Shada limefichwa ndani ya kikapu, limefunikwa kitenge. Siku hii Mzee Longino ameita watu kuanua matanga yake, sherehe ambayo Warundi huiita kuganduka, ya kumaliza maombolezo, ambayo kwa kawaida mwenye matanga hahudhurii.

"Yalifunguliwa mbele ya watu, yafungwe mbele ya watu," anaeleza Mzee Longino, aliyeketi kwenye kiti chake akiwa amevaa koti licha ya jua. Ni mzee mrefu, mwenye sauti ya kunadi. "Nimechoka kuwa marehemu. Nataka kuwaposea watu wachumba kabla sijafa kweli."

Aliulizwa kwa nini siku ile hakutoka mara tu alipowasikia wanalia.

"Wewe ungetoka?" alijibu. "Walikuwa wananisifu."

Pombe ya ndizi imo mitungini, mirija imepangwa. Lakini hakuna anayekunywa, kwa sababu wazee wameshikilia jambo moja: ili matanga yaanuliwe, wote waliomlilia marehemu lazima wawepo wanywe pamoja. Anayekosekana ni mmoja, Mzee Simoni. Akija akanywa, amekubali kwamba matanga yalikuwa halali, na maneno yake juu ya mikaratusi yanasimama. Asipokuja, Longino anabaki marehemu mwaka mwingine, na kikapu cha Anisia kinarudi Gitega kimefungwa.

Jua linapinda. Watu wanaanza kutazama mitungi kwa uchungu. Ndipo Simoni anapotokea njiani, mzee mfupi mwenye fimbo, anasimama kwenye ukingo wa uwanja na haingii.

"Nimekuja kutazama tu," anasema.

"Tazama basi," anajibu Longino. "Macho ni yako. Mikaratusi siyo."

"Marehemu ana mdomo."

"Na mwongo ana fimbo."

Anisia anasimama. Walioketi karibu naye wanasema walisikia kitu kikikatika, na si kikapu.

"Mmenichosha!" anapaza sauti. "Nyote wawili mmenichosha! Baba, uliliwa ukiwa mzima, watu wangapi wamepata bahati hiyo? Ulisikia unavyopendwa, na bado umekaa mwaka mzima umenuna! Na wewe baba Simoni, ulisema ukweli siku moja maishani, ukaogopa kivuli chako! Mimi nilileta pambo la Noeli. La Noeli! Sikuleta kifo, sikuleta mpaka!"

Anafunua kitenge. Kabla baba yake hajataja marufuku ya vitu vya duara, Anisia amekwisha fika mlangoni, na shada limekwisha kukaa kwenye msumari ule ule wa mwaka jana. Jekundu, jeupe, la kahawia.

Mtoto mmoja anauliza kama ni mboga.

Mzee Simoni anavuka ukingo wa uwanja. Anatembea taratibu mpaka mlangoni, anasogeza pua, anapiga chafya kubwa.

"Pilipili," anasema.

"Pilipili," Anisia anajibu.

Simoni anafuta macho. Haikujulikana ni chafya au ni nini. Anabaki ametazama mlango, si watu.

"Longino," anasema, "siku ile sikusema kwa sababu umekufa. Nilisema kwa sababu nilidhani hunisikii."

"Na sasa nakusikia," anasema Longino. Sauti ya kunadi imepotea.

"Sasa unanisikia, na mikaratusi ni ile ile, yako. Ila usinifanye niyaseme mara ya tatu. Mimi ni mtu mzima."

Longino anainuka kwenye kiti, anachukua mrija mmoja, anausukuma upande wa Simoni, na yeye anachukua wa pili kwenye mtungi ule ule. Wanainama pamoja. Mwakiro yote inapumua, na mirija yote iliyobaki inapata kazi kwa mkupuo mmoja. Mzee Longino amerudi kati ya walio hai kabla ya saa kumi, bila hotuba yoyote, jambo ambalo kwake ni muujiza wa pili.

Kisha Simoni anamgeukia Anisia, akiwa na povu la pombe midomoni.

"Binti, na mimi nifungie moja. Kubwa kuliko hili. Ulitundike kwangu alfajiri, mimi nijifiche nyuma ya mlango. Nataka nisikie huyu atasema nini juu yangu."

Anaanza kucheka kabla hajamaliza. Longino anacheka mpaka anakohoa.

"Ni faranga ngapi?" anauliza Simoni.

"Elfu nane."

"Elfu nane kwa pilipili? Binti, unaniua kweli! Chukua tatu."

"Saba."

"Nne, na maharage juu yake."

Wanabishana mpaka giza linakaribia. Anisia anaonekana anafuta uso kwa ncha ya kitenge, na akiulizwa anasema ni pilipili zake, zinawasha.

Usiku huo alilala kwa baba yake, na asubuhi mtu alikuwa amekwisha kuja kumwita Mzee Longino kwa ajili ya posa ya mwezi wa kwanza. Anisia naye amepata oda sita, zote za pilipili, na ana mpango. Mwakani ataanza kukausha pilipili na maganda ya mahindi tangu Agosti, amfundishe mama mmoja wa hapo Mwakiro kukunja waya, na mashada yashuke Muyinga mjini wakati yeye akiuza Gitega. Yale ya mazishi hatayaacha.

"Watu watakufa tu, na mtu hawezi kwenda mikono mitupu," anasema. "Lakini Desemba niachieni mimi. Desemba nataka kubishana bei. Watu wajue shada ni shada tu. Ni majani na waya. Hofu hii ni ya kijinga, au siyo?"

Mwandishi wa makala haya aliafiki kwa moyo wote. Alisema hofu hiyo kweli inasikitisha, kwamba ni wakati wa watu wa Mwakiro kufunguka macho, na kwamba yeye binafsi hakuwahi kuelewa jinsi watu wazima walivyoweza kutishwa na duara la majani.

Anisia alimgeukia.

"Na lile nililokupa juzi ukalitundike mlangoni kwenu, liko wapi?"

Mwandishi alitazama viatu vyake. Aliuliza kama pombe imekwisha. Akakumbushwa kwamba yeye hanywi, na swali likarudiwa, safari hii mbele ya Mzee Longino, Mzee Simoni na watu wengine wengi waliorudi asubuhi hiyo kumalizia mitungi, nao wakaacha mirija ili wasikie jibu.

Ikabidi akiri. Liko chini ya kitanda chake, limeviringishwa kwenye shuka lake la zamani la shule.

"Chini ya kitanda! Kwa nini?"

"Nyumbani kuna bibi mzee," mwandishi alisema.

"Anaumwa?"

"Hapana, ni mzima kabisa. Ndiyo sababu."